Asubuhi Tatu Jikoni kwa Afande

Kila asubuhi ya likizo ile Shangazi aliniamsha kwa kugonga kikombe cha chai kwa kijiko. Hakupenda kumwita kwa jina mtu aliyelala. Tulikunywa chai tumesimama, kwa sababu kiti kimoja kilibeba madaftari yake na kingine kilikuwa na mguu mbovu, ambao kila mwezi aliahidi kuutengeneza. Kisha alichonga penseli mbili, yake na yangu, tukateremka ngazi kwenda karakanani.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Sasa Shangazi hayupo, nami naandika haya yasije yakanipotea.

Karakana ile ilitengeneza vyombo vya plastiki: ndoo, mabeseni na vidumu. Kazi ya Shangazi ilikuwa ngumu kuieleza kwa wenzangu shuleni. Hakuwa fundi wala muuzaji. Alikwenda majumbani mwa watu, akaketi, akatazama jinsi wanavyotumia vitu, akauliza maswali machache, akaandika. Rafiki yangu mmoja alipolisikia hilo alisema, "Analipwa kwa kutazama? Basi bibi yangu pale dirishani kwake anadai mshahara wa miaka arobaini."

Mwaka ule karakana ilikuwa imebuni kidumu kipya cha mafuta ya taa. Kifuniko chake kilikuwa kigumu makusudi ili mtoto mdogo asiweze kukifungua. Wakati huo watu wengi waliweka mafuta ya taa katika chupa za maji ya kunywa, na watoto waliyanywa wakidhani ni maji. Fundi Mkuu, mwenye karakana, alikuwa na kilemba cha vumbi jeupe la plastiki kichwani kuanzia asubuhi hadi jioni, na aliamini kidumu chake kingemaliza balaa hilo. Vidumu vitatu vya kwanza walipewa watu watatu wenye watoto wadogo ili wavijaribu. Shangazi angewatembelea wakati wa kuwasha jiko, asubuhi tatu mfululizo: Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Alhamisi mchana Fundi Mkuu angeanza kuchonga kalibu, yaani lile umbo la chuma la kumiminia plastiki. Kalibu ikishachongwa haibadilishwi.

Lakini majiko yote huwashwa saa ileile, na ingawa nyumba mbili zilipakana, ya tatu ilikuwa mbali nazo. Shangazi akaniambia nichukue nyumba moja.

"Mimi nikienda," alisema, "watanikalisha sebuleni, watafagia, watanipa kikombe kizuri. Mgeni haoni jiko. Mtoto huachwa jikoni, na wenyeji husahau kwamba yupo."

Alinipa daftari lenye jalada la kijani. Kila ukurasa aliugawa kwa mstari katikati. Upande mmoja aliandika Nilichoona na upande wa pili Nilichoambiwa. Alinionya nisichanganye pande hizo hata kama zinafanana, na nisimtilie mtu jibu mdomoni. Fundi Mkuu alinitazama nikiwa nimekumbatia daftari, akasema sasa karakana imepata Karani, na jina hilo likanigandia hadi mwisho wa likizo.

Niliposikia nyumba yangu ni ipi, nilitaka kulirudisha daftari. Ilikuwa nyumba ya Afande.

Afande alikuwa askari wa gereza aliyestaafu. Hapakuwa na mtoto mtaani asiyemjua. Mipira yote iliyoingia uani kwake haikurudi. Wavulana walisema akikukoholea unasahau jina la baba yako, na kwamba mwizi mmoja alipotazamwa naye tu alifagia barabara nzima bila kuambiwa. Aliishi na mjukuu wake wa miaka miwili, kwa sababu mama wa mtoto alifanya kazi mbali na kurudi mwisho wa mwezi. Mtaa mzima ulimwita mtoto yule Tumbiri, kwa sababu chochote alichokiokota alikitia mdomoni kwanza, ndipo akafikiri.

Jumatatu, saa moja asubuhi, nilibisha mlango wa Afande kwa kidole kimoja. Nilitumaini asisikie. Akasikia.

"Nani?"

Nilimwamkia shikamoo. Aliitikia marahaba kwa sauti iliyojaa ukumbi mzima, akaniuliza nataka nini. Nilimweleza kwamba nimetumwa na Shangazi wa karakana ya vidumu. Alikuwa amefungua mlango, lakini hakunipisha niingie. Nyuma yake niliona jiko la mafuta likiwaka, meza, kabati la juu na Tumbiri akiwa sakafuni anatafuna mkia wa ufagio. Mtoto aliniona, akacheka.

Afande aliangalia daftari langu. "Unaandika nini humo?"

"Sijaandika kitu, Afande."

"Basi vizuri."

Nilitakiwa kuomba niketi, nitazame, ningoje. Badala yake nilisikia mdomo wangu ukisema haraka haraka, "Kifuniko kinafunguka vizuri, sivyo?"

Aliangalia tena daftari langu. "Kinafunguka."

"Na ukimaliza unakifunga, sivyo?"

"Mimi si mtoto mdogo," alisema, akafunga mlango.

Nilikwenda kuketi kwenye ngazi za duka lililofungwa, mtaa wa pili. Ili kujituliza nilichora jiko lake kama nilivyoliona mlangoni, kwa maana kuchora nilikupenda na sikuweza kuchora uongo hata nikitaka. Nilichora kila kitu: utambi, meza, chupa ya maji iliyokuwa chini ya meza, kidumu kipya juu ya kabati. Kisha upande wa Nilichoona nikaandika: Alifungua kifuniko bila shida. Akamimina. Akafunga.

Jumanne nilifika hadi kona ya nyumba yake. Nilimsikia akikohoa ndani. Nikageuka, nikarudi kwenye zile ngazi. Niliandika tena yale ya jana, ila nikabadilisha saa ili yaonekane ya kweli: saa moja na dakika kumi na saba. Jumatano sikufika hata konani. Niliandika saa moja na dakika tisa, nikaongeza kwamba Afande alipangusa kifuniko kwa kitambaa. Kitambaa hicho nilikitoa kichwani mwangu.

Kuanzia hapo hofu ilibadilika. Mwanzo nilimwogopa Afande. Sasa nilimwogopa kila mtu. Shangazi aliponiuliza jioni kama Afande ananisumbua, nilijibu kwamba ni mtu mzuri tu. Kila aliyepita karibu na zile ngazi nilimwona kama shahidi.

Alhamisi saa mbili kasorobo tuliketi kwenye meza ya karakana, mimi, Shangazi na Fundi Mkuu. Vyuma vya kalibu vilikuwa tayari sakafuni, vimefutwa mafuta. Shangazi alisoma ya nyumba zake mbili. Kwa mama mmoja kifuniko kilikuwa kigumu lakini alikimudu kwa kukizungushia nguo. Kwa mwingine, mume ndiye aliyefungua. Fundi Mkuu alitikisa kichwa kwa kuridhika, akasema ugumu ndio usalama wenyewe. Kisha akachukua daftari langu, akasoma, akacheka kwa furaha.

"Mzee mzima, na anafungua bila shida. Anapangusa na kitambaa! Karani, umenipa moyo. Saa sita naanza kuchonga."

Shangazi hakucheka. Alikuwa anatazama mchoro. Aliusogeza dirishani penye mwanga, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Huu mstari unaozunguka kifuniko cha kidumu ni nini?"

Nilitazama. "Ni utepe mwekundu, Shangazi."

Vidumu vyote vilitoka karakanani vikiwa vitupu, kifuniko kimezungushiwa utepe mwekundu. Huwezi kukifungua bila kuukata.

"Ulichora siku gani?"

"Jumatatu. Baada ya kuwasha jiko."

"Kwa hiyo jiko limewaka na kidumu hakijafunguliwa." Aliweka kidole chini ya meza niliyoichora. "Na chupa hii ina nini?"

"Maji."

"Ulimwona mtu akinywa?"

Fundi Mkuu aliacha kucheka. Mashine moja iliendelea kunguruma chumba cha pili. Nilijaribu kutafuta uongo mwingine, nao ulikuwepo, ulikuja hadi kwenye ulimi. Lakini nilimwona Tumbiri sakafuni na ule ufagio mdomoni, na chupa ilikuwa hatua mbili kutoka alipokaa.

"Shangazi, sikuingia," nilisema. "Nilisimama mlangoni siku moja tu. Yaliyobaki niliyatunga. Niliogopa."

Nilingoja kofi au kelele. Hakuna kilichokuja, na hilo lilinitisha zaidi. Shangazi alisimama, akachukua mtandio wake, akamwambia Fundi Mkuu asiguse chuma chochote mpaka arudi. Kisha akaniambia nibebe daftari langu na nimwongoze.

Kutoka karakanani hadi kwa Afande ni mitaa miwili. Sikumbuki tulivyoipita. Nakumbuka viatu vya Shangazi vikigonga mbele yangu na sauti kichwani ikisema: asubuhi nne, asubuhi nne chupa iko pale.

Mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Tulibisha, kimya. Fundi viatu aliyeketi upande wa pili wa njia alituambia bila kuinua kichwa kwamba Afande amekwenda bombani, kama kawaida yake, kila siku saa mbili anakwenda kuchota maji na kumfungia mtoto ndani asitoke barabarani. Kama ningalikaa jikoni kwake hata asubuhi moja, ningalilijua hilo.

Dirisha la jiko lilikuwa na nondo, na mbao zake zilikuwa wazi. Tulichungulia.

Tumbiri alikuwa ameketi sakafuni, chupa katikati ya miguu yake. Alikuwa ameshika kizibo kwa meno na kuzungusha kichwa. Harufu ya mafuta ya taa ilitufikia hapo dirishani.

Nilifungua mdomo nipige kelele. Shangazi aliniziba kwa kiganja.

"Akishtuka atajimwagia," alinong'ona. Kisha akamwita mtoto taratibu. Tumbiri alitazama uso asioujua, mdomo ukaanza kukunjika apate kulia, na mikono ikaikumbatia chupa zaidi. Shangazi akarudi nyuma. "Wewe anakujua. Mchezeshe. Usiombe chupa. Mpe kitu anachokitaka kuliko hiyo."

Magoti yalinigonga hadi nikashika nondo. Sikuwa na kitu ila daftari. Niliingiza mkono hadi begani, nikalipepea lile jalada la kijani kama ndege anayeruka.

"Tumbiri, tazama. Tumbiri, anaruka huyu. Atakuja kwako au hatakuja?"

Alitazama. Kizibo kikatoka mdomoni mwake, nacho kilikuwa kimeshalegea, kikaanguka. Aliinua chupa kana kwamba ananikaribisha kinywaji. Nikapepea daftari chini zaidi, nikaliangusha kidogo, nikalidaka, na akacheka. Chupa ikamponyoka. Ililala, mafuta yakaanza kutambaa sakafuni kuelekea kwenye jiko, ambalo kwa bahati lilikuwa limezimwa. Mtoto akainuka, akaja akiyumba, akalishika daftari kwa mikono yote miwili. Nami nikamshika mkono.

Aliketi chini ya dirisha na kuanza kurarua. Alianza na ukurasa wa Jumatano.

"Nyie ni nani kwenye dirisha langu?"

Sauti ile ilitoka nyuma yetu. Siku nyingine yoyote ningekimbia hadi mtaa wa tatu. Lakini kiganjani mwangu mlikuwa na mkono wa mtoto, na nilijua nikiuachia atarudi kwenye chupa. Nilibaki pale, mgongo wangu kwake, machozi yakinitoka.

Shangazi alimwambia kwa maneno matatu kilichokuwa ndani. Afande alikuwa na ndoo, na hakuibeba kwa mkono. Mshikio wake ulikuwa umening'inia kwenye kiwiko. Aliiacha ikaanguka. Ufunguo ulikuwa shingoni mwake kwa uzi. Aliushika kwa mikono miwili, ukakosa tundu la kufuli, ukakosa tena. Shangazi hakumnyang'anya. Alisimama kando, akangoja. Mara ya tatu kufuli likafunguka.

Tulimnusa mtoto mdomo, tukamtazama macho, tukamsikiliza anavyopumua. Hakuwa amekunywa. Shangazi alimvua nguo na kumwosha mikono na midomo kwa sabuni. Alipokuwa akimwosha alimweleza Afande, na mimi nikisikia, kwamba mtoto akinywa mafuta ya taa asitapishwe wala asipewe maziwa, maana mafuta yakipanda tena yanaweza kuingia kwenye mapafu. Abebwe mara moja hadi zahanati, na chupa ichukuliwe, ili muuguzi aone ni nini. Afande alisikiliza kama mtu anayesomewa hukumu.

Sakafu ilipokwisha kupanguswa, Shangazi alinitazama. Nilijua ni zamu yangu.

"Afande," nilisema, "nilikuandikia uongo. Niliandika kwamba nimekuona ukifungua kidumu."

Nilidhani atanguruma. Aliketi. Akaweka mikono yake juu ya meza, na kwa mara ya kwanza niliitazama. Vidole vilikuwa vimevimba na kupinda kwenye viungo kama tangawizi. Ni baridi yabisi, alisema, inamkaza miaka sita sasa. Kidumu kile alijaribu kuukata utepe wake usiku ule alipopewa, akashindwa na mkasi, na alijua kifuniko kitamshinda zaidi. Chupa ya maji aliweza kuifungua kwa meno. Mtoto alijifunza kwake.

"Uongo wa kwanza ni wangu," alisema. "Uliniuliza kinafunguka, nikasema kinafunguka. Niliongoza askari themanini, mjukuu wangu. Unakuja na penseli mlangoni kwangu. Niandikwe kwamba nimeshindwa na kifuniko?"

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita mjukuu.

Siku ile Fundi Mkuu hakuchonga kalibu. Alilalamika hadi jioni kwamba chuma kinashika kutu kikimngoja Karani, lakini hakuchonga. Afande alikuja karakanani na Tumbiri, akaketi kwenye benchi, na badala ya kuulizwa anataka nini, aliombwa afanye. Alijaribu vifuniko vya kila namna huku Shangazi akitazama viwiko, viganja na mabega yake. Tuliona kwamba vidole vyake havina nguvu lakini viganja vinazo, na kwamba hukandamiza kila kitu kwa uzito wa kifua. Wiki tatu baadaye kikapatikana kifuniko chenye mabawa mawili mapana, unachokifungua kwa kubana mabawa yote kwa viganja na kuegemea. Afande alikifungua mara ishirini bila kuchoka. Tumbiri alipewa kidumu kilichotiwa maji. Alikitafuna, akakikalia, akakipiga teke, akalala usingizi kando yake. Fundi Mkuu alisema huyo ndiye mkaguzi pekee aliyewahi kumwogopa maishani.

Kabla ya kifuniko hicho kuchongewa kalibu, Shangazi alinirudisha nyumba ileile, asubuhi tatu, na daftari jipya. Sitasema sikuogopa. Jumatatu nilibisha kwa kidole kimoja tena. Lakini niliingia. Niliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa karibu na kabati, nikatazama, nikaandika, na nilipotaka kuuliza niliuliza, "Nionyeshe unavyofanya." Na kila siku kabla ya kuondoka nilimsomea Afande yote niliyoyaandika, kama Shangazi alivyoniagiza. Jumatano alinikatiza katikati.

"Umeandika nilikaa bombani dakika kumi. Ni kumi na tano, foleni ilikuwa ndefu. Na kidumu nilikifunga nusu, si chote. Ulitaka kunisetiri. Sahihisha."

Nilisahihisha mbele yake.

Jioni ile nilimwuliza Shangazi kwa nini hakunipiga siku ile karakanani.

"Kwa sababu ulikuwa tayari umeogopa vya kutosha, na hofu ndiyo iliyotufikisha pale," alisema. "Mtu mwenye hofu hujitazama mwenyewe tu, hamwoni aliye mbele yake. Wewe uliogopa sauti ya Afande. Yeye aliogopa penseli yako, naye alikuwa na haki zaidi. Sauti hunyamaza. Kilichoandikwa hubaki, na watu huchonga chuma kwa kukifuata, na chuma hicho huingia katika nyumba yenye mtoto. Anayeshika penseli aseme kweli hata magoti yakimgonga. Kama hukuona, andika: sikuona. Hilo nalo ni jibu, na hakuna aliyekufa kwa jibu hilo."

Sasa kazi ile ni yangu. Magoti bado hunigonga mbele ya kila mlango nisioujua. Nabisha hivyohivyo.